Asilimia ya Nini? Niliyojifunza Katika Hesabu za Glezi

Glezi ni tabaka la kioo linaloyeyushwa juu ya chombo cha udongo. Glezi moja inaweza kuandikwa kwa nambari za aina nne, na mtu asiyezijua akadhani anasoma habari za glezi nne tofauti. Nimefinyanga vyombo vya glezi kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam, na katika kazi yote hii, kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa hakikuwa gurudumu wala tanuri bali karatasi zenye nambari. Ufinyanzi wa asili niliokua nikiuona, kama ule wa akina mama wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, hauna glezi. Chungu huchomwa kwa kuni, na ujuzi wote umo katika mikono na macho ya mfinyanzi. Glezi ilitufikia pamoja na vitabu vya Ulaya na Marekani, na vitabu hivyo vilikuja na desturi za huko za kuandika hesabu, ambazo waandishi wake hawakuona haja ya kuzieleza kwa kuwa wasomaji wao walikwisha kuzizoea.

Nitatumia resipi moja kwa sehemu kubwa ya maelezo haya, ile ambayo wafinyanzi wa Uingereza huitambua kwa tarakimu zake tu, 4321: feldispa ya potasiamu (unga wa jiwe linaloyeyuka motoni) 40, silika (unga wa kwatzi) 30, unga wa mawe ya chokaa 20 na kaolini (udongo mweupe) 10. Huchomwa hadi koni ya 10 (koni ni kipande kidogo kinachoinama tanurini joto likifika kiwango chake), yaani karibu nyuzi 1285 za Selsiasi endapo tanuri linapandishwa polepole, na hutoa uso wa kioo unaong'aa usio na rangi. Mwalimu wangu wa kwanza wa glezi aliiandika resipi hiyo kwenye kipande cha karatasi, akanisogezea, kisha akaniuliza, "Arobaini ya nini, mwanangu?" Nilipomjibu kwamba zinaweza kuwa gramu au kilo, aliridhika, akaongeza jambo ambalo tangu siku hiyo nimelirudia kwa kila kijana niliyemfundisha: hizo ni sehemu za uzito wa unga mkavu, kabla ya maji na kabla ya moto, na kila neno katika sentensi hiyo lina kazi yake.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya nambari, resipi, na ndiyo pekee inayoweza kupelekwa kwenye mizani. Kwa kawaida jumla yake ni 100, ila desturi hiyo ina tawi moja linalowasumbua wengi. Rangi na viungo vingine vidogo huandikwa nje ya mia: mtu akitaka glezi ya kahawia nzito kwa resipi hii, ataandika "ongeza oksidi ya chuma 8", na jumla halisi itakuwa 108. Chuma basi si asilimia 8 ya mchanganyiko bali ni asilimia 7.4. Kwa chuma tofauti hiyo ni ndogo, lakini kuna waandishi wanaoingiza rangi ndani ya mia, na resipi mbili zilizoandikwa kwa desturi hizi mbili haziwezi kulinganishwa mpaka moja ibadilishwe ifuate desturi ya nyingine. Mimi hupendelea rangi ikae nje, kwa sababu hapo glezi ya msingi hubaki ileile nami naona wazi kitu gani kimeongezwa juu yake.

Aina ya pili ni uchanganuzi wa asilimia kwa uzito, unaotaja oksidi, yaani elementi zilizoungana na oksijeni, badala ya malighafi. Hapa feldispa haipo tena. Zipo silika, alumina (oksidi ya alumini), oksidi ya potasiamu na oksidi ya kalsiamu, maana hizo ndizo zinazobaki ndani ya kioo moto ukishamaliza kazi yake. Resipi ya 4321, tukichukua kwamba malighafi zake ni safi kama vitabu vinavyoziandika, hutoa SiO2 (silika) asilimia 67.4, Al2O3 (alumina) 12.6, CaO (oksidi ya kalsiamu) 12.5 na K2O (oksidi ya potasiamu) 7.5. Mtu makini atauliza jinsi sehemu 20 za mawe ya chokaa zilivyogeuka kuwa 12.5 tu za oksidi ya kalsiamu. Jibu ni kwamba mawe ya chokaa ni kaboneti ya kalsiamu, na asilimia 44 ya uzito wake huondoka tanurini kama hewa ya kaboni dioksidi. Kaolini nayo hupoteza takriban asilimia 14, ambayo ni maji yaliyofungamana na madini yenyewe na hayatoki kwa kuanikwa juani. Katika kila sehemu 100 za unga wa resipi hii, zaidi kidogo ya 10 hazifiki kwenye glezi.

Upotevu huo wa uzito motoni ndio ulionifundisha kujumlisha safu kabla ya kusoma chochote kingine katika karatasi ya muuzaji. Karatasi moja ya kaolini itasema Al2O3 ni 39.5 na SiO2 ni 46.5, na nyingine itasema 45.9 na 54.1, na zote mbili ni za kweli juu ya udongo uleule. Ya kwanza inajumlisha 86 kwa sababu imeyaachia nafasi maji yatakayotoka. Ya pili inajumlisha 100 kwa sababu imepima kilichobaki baada ya kuchoma. Anayeichukua ya pili na kuitumia kwa kaolini mbichi iliyo kwenye gunia atajihesabia alumina ambayo hana, na hakuna programu ya kompyuta itakayomwonya, kwa kuwa nambari zake zote zinaonekana nadhifu.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifanya niipende kemia ya glezi, na nitakaa hapa kidogo. Uzito hautuambii ni vitu vingapi vimekutana, na moto hauunganishi gramu kwa gramu bali molekuli kwa molekuli. Korija ya nazi na korija ya ndimu zote zina ishirini, ingawa hakuna mpagazi atakayekubali kuzibeba kwa malipo sawa. Moli ni hesabu ya namna hiyo, ila ya idadi kubwa mno: moli moja ya silika ina uzito wa gramu 60.1, moli moja ya oksidi ya kalsiamu gramu 56.1, ya oksidi ya potasiamu gramu 94.2, na ya alumina gramu 102. Ukigawa uzito wa kila oksidi kwa uzito wa moli yake, unapata idadi.

Aliyezipa idadi hizo mpangilio tunaoutumia hadi leo ni Hermann Seger, mkemia Mjerumani aliyezaliwa 1839 na kufariki 1893, ambaye alifanya utafiti wake katika kiwanda cha kifalme cha kauri cha Berlin. Yeye aliziweka oksidi katika mafungu matatu. La kwanza ni la viyeyushi, zile oksidi zinazosaidia glezi kuyeyuka, kama vile za potasiamu, sodiamu, kalsiamu na magnesiamu. La pili ni la alumina, ambayo huizuia glezi isitiririke kutoka kwenye chombo. La tatu ni la silika, ambayo ndiyo kioo chenyewe. Kisha akagawa nambari zote kwa jumla ya viyeyushi, ili viyeyushi daima vifanye moja. Resipi ya 4321 ikipitishwa katika njia hiyo inakuwa K2O 0.26 na CaO 0.74, ambazo jumla yake ni 1, halafu Al2O3 0.41 na SiO2 3.71.

Nambari hizi hazipimiki kwenye mizani, wala hazikukusudiwa hivyo. Kinachosomwa ndani yake ni uhusiano: kwa kila kiyeyushi kimoja kuna silika karibu nne. Seger mwenyewe aliiandika koni yake ya 4 kwa fomula ya K2O 0.3, CaO 0.7, Al2O3 0.5 na SiO2 4, na ukiziweka nambari hizo kando ya zile za 4321 utaona mara moja kwamba ni ndugu wa damu, jambo ambalo resipi peke yake isingeweza kulionyesha. Mwaka 1912 Mmarekani R. T. Stull alishikilia viyeyushi hivyohivyo, 0.3 na 0.7, akabadilisha alumina na silika tu, akachoma vigae vyake kwa koni ya 11, na akachora ramani ya mahali ambapo glezi hung'aa, mahali ambapo huwa na uso mfu, na mahali ambapo haiyeyuki. Uwiano wa silika kwa alumina katika 4321 ni kama 9 kwa 1, na kwenye ramani ya Stull hapo ni katikati ya eneo la kung'aa. Uwiano ukishuka hadi 5 kwa 1 au chini yake, uso huelekea kupoteza mng'ao. Tangu nilipoielewa ramani hiyo, sijaibadilisha glezi kwa kubahatisha.

Yapo mambo mawili ya maandishi katika fomula hii ambayo wanafunzi wangu huyauliza kila mara. La kwanza ni tarakimu ndogo zilizo ndani ya jina la oksidi. Katika Al2O3, ile 2 na ile 3 zinahesabu atomi za alumini na za oksijeni ndani ya molekuli moja na hazibadiliki kamwe. Nambari inayoambatana na jina zima, kama 0.41, ndiyo inayohesabu molekuli zenyewe na ndiyo tunayoweza kuibadilisha. La pili ni alama ya KNaO inayotokea katika programu nyingi. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii tutainunua wapi?" Ni swali zuri, kwa kuwa ni alama inayofanana kabisa na jina la kitu, na hakuna kitu hicho duniani: ni njia fupi tu ya kuandika jumla ya K2O na Na2O (oksidi ya sodiamu), ambazo hufanya kazi zinazokaribiana.

Faida ya fomula niliiona kwa macho yangu wakati muuzaji mmoja wa malighafi alipobadilisha feldispa bila kutuarifu. Gunia lilikuwa na jina lilelile, lakini karatasi ya uchanganuzi ilionyesha kwamba sodiamu ndiyo iliyotawala badala ya potasiamu. Feldispa safi ya potasiamu ina uzito wa moli wa kama gramu 557, na ya sodiamu kama gramu 524, hivyo sehemu 40 za ile mpya zinaleta molekuli nyingi kuliko sehemu 40 za ile ya zamani. Ili fomula ibaki ilivyokuwa, zinahitajika sehemu 37.7 tu. Jumla ya resipi basi ikawa 97.7, nami nikairejesha kwenye mia: feldispa 38.6, silika 30.7, mawe ya chokaa 20.5, kaolini 10.2. Anayezitazama nambari hizo atadhani nimeongeza silika, chokaa na kaolini, ilhali sikuongeza chochote; ni kipimo cha mia kilichosogea. (Feldispa za kweli huwa na potasiamu na sodiamu kwa pamoja, na hesabu kamili huanza na karatasi ya muuzaji, lakini njia ni ileile.) Hata baada ya hesabu hiyo vigae vya majaribio vilikuwa vya lazima, kwa sababu sodiamu huifanya glezi iwe nyepesi zaidi motoni na huiongezea kusinyaa inapopoa, na huko ndiko zinakotoka zile nyufa nyembamba kama nywele.

Aina ya nne, asilimia ya moli, ninaitumia mara chache lakini kwa heshima. Ni idadi zilezile za molekuli, ila zinagawanywa kwa jumla ya oksidi zote badala ya jumla ya viyeyushi: 4321 inakuwa SiO2 72.5, CaO 14.4, Al2O3 8.0 na K2O 5.2. Hapa ndipo hatari ya kuchanganya ilipo kubwa kuliko kwingine kote, maana uchanganuzi wa uzito nao ni asilimia za oksidi zilezile, na mtu akipewa orodha isiyo na kichwa hawezi kujua kwa kuitazama tu kama 72.5 ni ya uzito au ya moli. Thamani yake huonekana kwenye glezi za joto la chini zenye boroni. Boroni husaidia kuyeyusha, lakini Seger hakuihesabu katika lile fungu linalofanya moja, na glezi inayoitegemea zaidi kuliko viyeyushi vya kawaida hupata nambari kubwa zinazotisha bila sababu. Ni maoni yangu kwamba anayefanya kazi chini ya koni ya 04 angejizoesha kusoma asilimia ya moli mapema, hata kama walimu wengi hawaigusi.

Koni zenyewe zina maandishi yao. Sifuri inayotangulia nambari hubeba maana kamili. Koni ya 6 huinama kwenye nyuzi karibu 1222 na koni ya 06 kwenye nyuzi karibu 1000, na kati yao kuna tofauti ya udongo uliokomaa na udongo ambao bado unanyonya maji. Orodha ya kwanza ilianza na 1 na kupanda kulingana na joto. Zilipohitajika koni za joto la chini zaidi ziliwekewa sifuri mbele, na hizo husomwa kinyume, yaani 04 ni ya moto mkali kuliko 06. Tena koni za Seger na za Orton wa Marekani hazilingani nyuzi kwa nyuzi, hivyo kitabu cha Kijerumani na cha Kimarekani vinaweza kutaja nambari moja na kukusudia joto mbili.

Vitabu vya Kijerumani na vya Kifaransa vina jambo jingine linalotuhusu hapa Afrika Mashariki kwa karibu. Huko desimali huandikwa kwa mkato, na katika vya Kijerumani nukta hutenga maelfu. Sisi tuliosoma Tanzania au Kenya tunaandika 0.3, mwenzetu aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura anaandika 0,3, na sote tunazungumza Kiswahili kimoja tukiwa tumesimama mbele ya tanuri moja. Joto la 1.240 katika kitabu cha Berlin ni nyuzi elfu moja mia mbili na arobaini. Katika resipi ambayo kobalti yake imeandikwa 0,25, mkato ukisomwa vibaya au ukidondoka wakati wa kunakili, kundi zima la vyombo linaharibika, kwa kuwa hata robo ya asilimia ya kobalti hutoa buluu inayoonekana. Na kobalti huuzwa kama oksidi au kama kaboneti: gramu 1 ya oksidi nyeusi inafanya kazi ya gramu 1.5 hivi za kaboneti, kwa hiyo kuandika "kobalti 0.25" bila kutaja ni ipi ni kuandika nusu ya maneno.

Kuhusu wingi wa tarakimu nina msimamo mkali. Programu zinatoa desimali nne, na vijana huzinakili zote kwa uaminifu. Feldispa ya gunia hili na ya gunia lijalo zinatofautiana kwa kiasi kikubwa kuliko desimali ya tatu, na mizani ya karakana nyingi husoma hadi desigramu. Katika fomula ya Seger desimali mbili zinatosha kabisa. Kuandika 0.2645 ni kudai ujuzi ambao hakuna aliye nao.

Hesabu inayookoa fedha kuliko zote iko kwenye ndoo. Tuseme kuna lita 10 za glezi iliyokwisha kukorogwa, na lita moja yake ina uzito wa gramu 1450. Tunataka kuongeza chuma asilimia 2. Asilimia 2 ya gramu 14,500 ni 290, lakini asilimia za resipi ni za unga mkavu, na sehemu kubwa ya ndoo hiyo ni maji. Alexandre Brongniart, aliyeongoza kiwanda cha kauri cha Sèvres huko Ufaransa kuanzia 1800 hadi 1847, alituachia kanuni: uzito wa lita toa 1000, zidisha kwa msongamano wa unga, kisha gawanya kwa msongamano huo uliopunguzwa moja. Tukichukua 2.6 kuwa msongamano wa unga wa kawaida wa glezi, 450 inazidishwa kwa 2.6 na kugawanywa kwa 1.6, na jibu ni gramu 731 kwa lita. Ndoo ina unga wa kilo 7.3, na chuma kinachotakiwa ni gramu 146, nusu tu ya ile hesabu ya kwanza. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinaandika 20 mahali pa 1000, kwa sababu painti yao ya maji ina aunsi 20. Kanuni ni hiyohiyo, vipimo ndivyo vilivyobadilika.

Siku hizi ninashughulika na kaolini ya Pugu, ambayo iko karibu nasi na ambayo nambari za vitabu haziielezi. Vilima vya Pugu ni mchanga-mawe uliojaa kaolini, hivyo udongo unaochimbwa pale huja na chembe nyingi za kwatzi zinazobaki hata baada ya kuchekecha, na kila kwatzi ni silika ambayo resipi haikuiagiza. Tunaukoroga katika maji, tunaacha mchanga utuame, tunamwaga maji yenye kaolini katika pipa la pili, na tunakausha kinachozama humo. Kisha tunapima gramu 100 zilizokauka vizuri, tunazichoma, na kuzipima tena. Kaolini tupu ingepoteza karibu 14; kila tunapopata pungufu ya hapo tunajua mchanga bado upo, na safu ya alumina katika daftari letu tunaiandika upya kulingana na upotevu huo, tukiweka juu ya kila safu kama ni ya udongo mbichi au uliochomwa, na kama ni ya uzito au ya moli.